Pampu Ilipovuta Hewa

Jumatatu, 17 Februari
Nimefagia majani ya mwarobaini, nimepima klorini, nimewasha pampu. Maji yanayorudi bwawani ni hafifu. Nimeweka mkono kwenye tundu yanapotokea. Kama mtu anapumua. Nimesafisha kikapu cha chujio: nusu ndoo ya majani. Hakuna tofauti.

Jumanne, 18 Februari
Nimeosha mchanga wa chujio kwa kuyasukuma maji kinyume. Yametoka machafu, kisha safi. Nikafurahi mapema. Bado hafifu. Pembeni bwawa limeanza ukijani.
Jumamosi ni siku ya kwanza ya akina mama kujifunza kuogelea. Kumi na wawili wamejiandikisha. Wiki inayofuata Ramadhani inaingia, na mwalimu wao anarudi kwao Mombasa. Ikipita Jumamosi, imepita.

Jumatano, 19 Februari
Fundi amekuja. Amegonga pampu kwa bisibisi, akasema imezeeka, tuagize mpya Nairobi. Wiki tatu. Hajafungua hata skrubu moja. Nimekasirika. Nimemshukuru, nikamsindikiza hadi getini.
Afisa wa afya naye kasema asipoiona sakafu ya upande wa kina Ijumaa jioni, hatufungui. Ana haki. Inaniuma tu.

Alhamisi, 20 Februari
Halima ameleta nguo za kuogelea alizowashonea wenzake, ndefu, za mikono mirefu. Yeye ndiye aliyewaandikisha wote. Mafuriko ya Tana yalimkuta shambani kwake, akashinda juu ya mti mpaka mashua ikaja. Anasema hatasubiri mashua tena.
Nimemwambia ukweli. Akachuchumaa kando ya pampu, akasikiliza.
"Abaayo, bambu yako inafuta hewa."
Abaayo ni dada kwa Kisomali chake. Nikadhani inafuta, kama ubao wa darasani. Akavuta pumzi kwa kelele ili nielewe. Tumecheka hadi machozi. Pampu ya shambani kwake hulia hivyo hivyo bomba likiwa na tundu.
Kumbe mshale wa kipimo cha presha uko chini tangu Jumatatu, na viputo vinatoka na maji. Niliviona. Sikufikiri.
Tumepaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Kwenye mfuniko wa kikapu cha chujio, povu likamezwa. Mpira wa mfuniko umepasuka kwa jua. Ni huo tu. Jioni nimepata mwingine kwenye duka la pampu za wakulima, nikaufunga. Maji yakausukuma mkono wangu.

Ijumaa, 21 Februari
Pampu haijazimwa. Saa sita mchana maji bado yana ukungu. Sikula. Saa kumi na moja afisa alisimama ukingoni kitambo kirefu, akahesabu vigae vya chini kwa kidole. Ametia sahihi.

Jumamosi, 22 Februari
Tumezungushia uzio mashuka. Wamekuja wote, na wawili zaidi. Halima amezamisha uso, akaibuka akikohoa na kucheka.
"Na wewe, abaayo, huingii?"
Nimesema nina kazi. Uongo. Sijui kuogelea. Mtu wa Kitui kwenye ukame, miaka minne natunza bwawa hili, sijawahi kupita ngazi ya tatu.

Jumapili, 23 Februari
Nimetoka kanisani nikamkuta Halima getini na mwalimu. Ameshona nguo moja ya ziada. Hakuuliza kipimo changu, amekikadiria kwa macho. Imenikaa.
Tumeingia upande wa kina kifupi. Maji kifuani, ya baridi. Nimeshika ukingo kwa mikono miwili. Halima hakunihimiza.
Baadaye nimeachia mkono mmoja.