Wimbo Huu Una Mwenyewe

Kasulu Mjini,
Jumapili jioni.

Mama yangu mpenzi,

Amahoro. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na mvua haijaozesha maharage. Mimi ni mzima kabisa, na dada Veronica, mwenye nyumba wangu, anakusalimu sana. Nimeona niandike, maana haya hayasemeki kwenye simu huku mtandao unakatika.

Ile filamu niliyokuambia inakwenda vizuri. Inahusu muuza ndizi anayeanzisha bendi ya wanawake hapa Kasulu, na muuza ndizi huyo ndiye mimi. Usicheke. Naimba na kupiga gitaa mwenyewe, na mwongozaji wetu, Herieth, anasema nikishashika gitaa hana haja ya kunielekeza.

Shida ilikuwa wimbo wa mwisho, ambao muuza ndizi anautunga mwenyewe. Ulioletwa kutoka Dar ulikuwa mtamu, lakini Badru, fundi sauti wetu, alisema unafaa tangazo la sabuni. Juzi mvua ikapiga mabati hadi kazi ikasimama. Nikawa nachezea nyuzi tu, nikajikuta naimba ule wimbo wako wa shambani. Nilipoinua macho, wote walikuwa wamenizunguka. Badru akataka turekodi mara mvua ikikatika, na kwenye majina ya mwisho wa filamu iandikwe “wimbo wa asili wa Kigoma”.

Nikamwambia, “Kaka, wimbo huu una mwenyewe. Yuko Murungu, anapalilia maharage.”

Herieth akasema hakuna atakayejua. Nikamjibu kwamba mimi nitajua, nikarudisha gitaa kwenye mfuko wake. Bila jina lako na ruhusa yako siimbi, watafute mwingine. Wala sikuogopa, mama. Ungeniona! Kesho yake Herieth alikuja mwenyewe hadi nyumbani, akakubali. Pale mwisho yataonekana maneno haya: “Wimbo umetungwa na Immakulata wa Murungu.”

Lakini kuna jambo nililowaficha, nawe sitaki kukuficha. Waliniuliza maneno yale ya Kirundi yanasema nini, nikajibu kuwa ni wimbo wa mavuno, kama ulivyotuambia tangu utotoni. Najua si wa mavuno. Mama mdogo Niyitegeka, alipokuja hapa kutibiwa, alinieleza kwamba uliutunga njiani mkitoka Burundi, kumbembeleza mtoto wako wa kwanza, na kwamba mlimzika kabla ya kufika mpakani. Akaniambia uliendelea kuuimba ukiwa mikono mitupu. Mama, nililia, kisha nikakuheshimu kuliko zamani.

Sijamwambia mtu, na sitasema. Ila Herieth ameongeza sehemu moja: muuza ndizi anarudi kwa mama yake, naye mama anamfundisha wimbo. Wa kuigiza huyo mama hajachaguliwa. Nimemwambia asimtafute mtu kwanza. Uje wewe, uimbe kwa sauti yako. Ukikataa, wimbo utaondolewa kwenye filamu bila ugomvi, nami nitatunga mwingine. Naweza.

Nisalimie baba na kaka Longinus, na jirani zetu wote. Mungu akutunze hadi tuonane. Na ukija, mama, kabla ya kamera na watu wote, tukae peke yetu uniambie mtoto yule alikuwa anaitwa nani. Mama mdogo alinitajia jina, lakini nataka kulisikia kwako.

Ni mimi binti yako,
Nadine