Unga wa Pai Haukandwi

Jumatatu, 20 Mei 2013

Pai nne leo. Kilo tatu za cheri, kila cheri na kokwa yake, na kila kokwa nimeitoa mimi kwa pini ya nywele. Madam aliwahi kuninunulia kidude cha kutolea kokwa. Kinazirusha mpaka dirishani. Nimekirudisha kabatini. Vidole vimekuwa vyekundu kama vya bibi harusi aliyepakwa hina na mtu mwenye haraka.

Pai ya cheri ni chakula cha kwao Madam, Amerika, upande wa baridi, ambako anasema cheri zinaota uani kama mapapai kwetu. Mama yake alikuwa akiipika. Alinifundisha miaka mitatu iliyopita, mimi Mwanaidi wa Pangani ambaye sikuwahi kuiona cheri kwa macho, na sasa anasema zangu zinazishinda za kwake. Anawaambia na wageni. Mimi napitisha sahani nimeinamisha uso, lakini nasikia, na napenda kusikia.

Likizo yangu ni tarehe 22 Juni. Siku thelathini na tatu. Ndege zinapita juu ya nyumba hapa Garhoud, Dubai, kutwa, nilikuwa nimeshazizoea. Siku hizi najikuta natazama juu.

Ijumaa, 24 Mei

Nimeongea na Kaka Shabani. Presha ya macho ya Mama imepanda. Jicho la kushoto limeshafunga. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari wa Tanga amesema kilichokwenda hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha tu. Miezi, amesema. Mingapi, hakutaja.

Shabani akamwekea Mama simu mbele ya uso ili anione. Nikapunga mkono. Mama akauliza, yuko wapi? Kwenye kioo kidogo kile haoni kitu.

Nimejifungia bafuni nikalia. Nataka Mama anione. Mimi kumwona nitamwona tu, hata akiwa kipofu. Yeye ndiye anayeishiwa muda. Uso wangu atakaobaki nao kichwani nataka uwe huu nilio nao sasa, siyo ule wa miaka mitatu nyuma niliokuwa nao wakati namuaga.

Jumapili, 26 Mei

Madam amekaa kwenye kiti cha jikoni. Ukimwona Madam kwenye kiti cha jikoni, jua pana jambo.

Tarehe 4 Julai ni sikukuu ya nchi yao. Wanakuja watu arobaini, pai kumi na mbili. Anaomba nisogeze likizo. Lakini baada ya sikukuu yeye na Sir, mume wake, wanakwenda kwao miezi miwili na lazima mtu abaki na nyumba. Kwa hiyo ni Juni au Septemba.

Nimejibu "Yes, Madam." Mdomo huu.

Habari ya macho ya Mama sikuitaja. Wasichana wa Dubai wanaua mama zao kila mwaka ili wapate ruhusa. Nyumba ya tatu kutoka hapa kuna mmoja wa kwetu amemzika mama yake mara mbili kwa arbab, yaani tajiri, yule yule. Hakuna anayeamini tena. Nilipofika niliapa kwamba mama yangu hataugua kwa ajili ya likizo. Sasa ameugua kweli, na mimi nimeona haya kusema.

Jumanne, 28 Mei

Nimerudi kwa Madam na shauri. Nikimpata mtu wa kupika pai kama zangu, niende? Akafikiri. Amesema Ijumaa ya tarehe 7 huyo mtu apike, wageni waonje. Akifaulu, nenda.

Mtu yupo humu humu. Dada Nakato, Mganda, anafua na kupiga pasi hapa tangu Januari. Ana miaka arobaini na mbili, amenizidi kumi. Kabla ya kuja huku aliuza chapati Kampala miaka kumi na tano. Nikajisemea, mtu wa unga huyu, kazi imekwisha.

Alhamisi, 30 Mei

Kazi haijaisha. Tatizo ni hizo chapati.

Unga wa pai haukandwi. Siagi inatoka kwenye friza, unaivunjavunja ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka iwe chenga chenga, maji ya barafu kidogo, unakusanya, basi. Ukiukanda unakuwa ngozi. Pai yangu ya kwanza niliikanda nusu saa kwa sifa. Sir aliikata kwa kisu cha nyama.

Dada Nakato anaelewa yote. Anayarudia bila kukosea. Halafu mikono ikigusa unga inaondoka yenyewe: anasukuma kwa kiganja, anakunja, anasukuma. Nikisema acha, anaacha. Nikigeukia cheri, ameanza tena. Leo nimemfokea, mtu anayenizidi umri. Akapangusa mikono, akaanza upya. Ningependa naye anifokee.

Jumatatu, 3 Juni

Pai tano mpaka sasa, ngumu zote. Walinzi wa nyumba ya jirani wamezila na kuomba nyingine, lakini walinzi wale hata kiatu wangekila kikitiwa sukari.

Nimempigia Mama. Ameuliza ni Jumamosi ipi. Tarehe 22 inshallah, nikamwambia. Bado anasuka mikeka, kwa kupapasa. Njia za miyaa hazioni tena. Akacheka, akasema zamani alikuwa akisuka huku anaangalia wapita njia, kwa hiyo kilichopungua ni wapita njia tu.

Siku nne zimebaki. Sijampigia Shabani. Sitaki kujua zaidi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefanya jambo. Naliandika kama lilivyo.

Asubuhi Dada Nakato alipika pai yake peke yake, akaiweka ipoe, akaenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Nikaigonga ukingo kwa kucha. Jiwe. Nikaitia kwenye mfuko mweusi, nikaifunika na maganda ya viazi, nikapika nyingine mwenyewe. Aliporudi akaikuta mezani. Akaitazama, akanitazama mimi, akaenda kubadili nguo.

Wageni walikuwa sita. Madam alishika kisu lakini hakukata. Alikuwa anazungusha sahani polepole, anaangalia ukingo. Kwao ukingo wa pai wanaubonyeza kwa uma, na ndivyo nilivyomwonyesha Nakato. Mimi nausuka. Nakata nyuzi tatu za unga nazisuka kama ukili, ule msuko mrefu wa miyaa tunaoushonea mikeka Pangani. Hakuna aliyenifundisha kuutia kwenye pai, na leo nimeusuka bila hata kufikiri.

"Mwanaidi," akasema mbele ya watu wote, "huu ni mkono wako."

Nilitamani sakafu ipasuke. Dada Nakato alikuwa amesimama mlangoni na jagi la maji.

Jumamosi, 8 Juni

Madam ameniita. Hakufoka, na afadhali angefoka. Amesema miaka mitatu hajawahi kufunga kabati lolote kwa sababu yangu.

Nikamwambia. Macho ya Mama, bomba, miezi. Yote, kwa Kiingereza changu cha kuungaunga, huku nalia. Amesikiliza mpaka mwisho. Akasema pole. Akasema mwaka jana msichana wa rafiki yake naye alikuwa na mama mgonjwa. Kisha akasema likizo yangu ni Septemba. Khalas, imekwisha.

Namchukia leo. Najichukia mimi kuliko yeye. Ningesema mwezi wa tano, wakati bado nilikuwa mkweli kwake. Nimengoja mpaka nimeshadanganya ndipo nikatoa ukweli, na ukweli uliotolewa baada ya uwongo nani anaununua?

Jumapili, 9 Juni

Dada Nakato ananikwepa tangu juzi. Leo tunaanua nguo ikamtoka.

"Ile pai nilipika na roho yangu yote, nyabo. Wewe hata hukuonja. Ulitupa kama uchafu. Sasa Madam anafikiri mimi ni mwongo, na mimi sikusema kitu."

Kweli tupu. Nilikuwa nawaza macho ya Mama. Kwamba yeye ana watoto wanne Kampala na kazi aliyoipata juzi tu, sikuwaza hata mara moja. Kama Madam angemfukuza, ningekuwa nimemfukuza mimi.

Nikataka kupiga magoti kuomba radhi, maana kwao ndivyo wanavyofanya kwa mkubwa. Akanishika kwapani akaniinua. "Magoti acha. Nifundishe pole pole. Wewe unanifundisha kama mtu anakimbiza ndege."

Nikacheka na machozi yakitoka. Ni kweli nilikuwa nakimbiza ndege.

Jumatano, 12 Juni

Leo sikusema neno acha hata mara moja. Nilikaa nikamtazama tu anavyofanya. Na nimeona.

Chapati hukandwa kwa uzito wa mwili. Dada Nakato akisimama mezani, mabega yanashuka, kiuno kinasukuma, kiganja kinafuata. Vidole havina kosa. Nikatandika kanga sakafuni, nikamwambia akae chini, miguu anyooshe, beseni mapajani, kama anachambua mchele. Anayechambua mchele hana cha kusukumia. Akaanza kutafuta siagi ndani ya unga kwa ncha za vidole, taratibu, kama anatafuta mawe. Kwa mazoea akainua bega mara moja, beseni likateleza, akacheka mwenyewe.

Tumeoka ndogo ya majaribio. Tumeila moto moto, tumesimama, bila sahani. Laini.

Ijumaa, 14 Juni

Hakuna aliyeomba pai leo. Dada Nakato ameamka akaamua. Hata kanisani hakwenda. Nimebeba beseni la mashuka nikaenda kufua uani, kwa mikono, nisikae karibu.

Imetoka mbaya kwa sura. Upande mmoja umeungua, maji ya cheri yamefurika, alama za uma zinakwenda kama mtu aliyelewa. Ameibeba mwenyewe mpaka sebuleni. Madam akaniita. Akaniambia nionyeshe mikono. Nikaionyesha: povu la sabuni hadi kwenye viwiko. Akatazama ya Dada Nakato, myekundu yote. Akakata kipande.

Alikula taratibu. Sisi wawili tumesimama kama watoto waliopelekwa kwa mwalimu mkuu. Akamaliza, akakata kingine. Akamwambia Nakato apunguze moto kidogo, na asijaze cheri mpaka juu. Kisha bila kunitazama akasema tiketi yangu ya tarehe 22 Sir hakuwa ameifuta bado, kwa hiyo niende.

Kama ananiamini kuhusu Mama, hakusema. Nami sikuuliza. Jikoni Dada Nakato alinikumbatia akanichafua mgongo mzima na cheri.

Jumanne, 18 Juni

Shabani hapokei simu siku ya pili. Nafunga sanduku, nalifungua, nalifunga.

Naogopa. Nimeomba sana niende, sasa naogopa kufika. Kama jicho limefunga wiki hii, wiki hii ambayo nilikuwa naficha pai kwenye maganda ya viazi, sijui nitamwambia nini Mungu.

Dada Nakato ameoka mbili. Moja imepasuka. Nyingine ningeipeleka mezani kwa mfalme.

Ijumaa, 21 Juni

Shabani amepiga. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo. Hawajambo wote, akasema. Nilitaka kuuliza habari ya jicho. Akangoja, nikangoja, salio likaisha.

Madam ameniwekea chupa ya cheri juu ya sanduku. Za mama yako, amesema, akatoka haraka kabla sijashukuru. Sijui kama ameniamini au moyo unamsuta. Nimeiviringisha kwenye kanga isipasuke.

Jumatatu, 24 Juni. Pangani

Nimefika jana alasiri. Shabani alinipokea njia panda, akabeba sanduku, hakuzungumzia jicho, nami sikuuliza mpaka nyumbani.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. Amekonda. Nikasema shikamoo, Mama. Hakuitikia. Aligeuza kichwa upande, akakigeuza tena, akaniambia nitoke kizani nisogee kwenye mwanga.

Nikapiga magoti mbele yake. Akanishika kidevu. Akanipeleka kushoto, kulia, juu kidogo, ananitafuta kwenye kile kitundu chake kipande kwa kipande. Paji la uso. Jicho moja, kisha la pili. Pua. Mdomo. Akafunua mtandio akaangalia nywele. Ilichukua muda mrefu.

"Umezeeka," akasema.

Nina mvi mbili upande wa kulia, juu ya sikio. Akazigusa zote mbili kwa kidole. Halafu ndipo akaitikia, marahaba.