Roboti na Sweta la Bluu

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Roboti yetu imeshinda! Nimeshangilia mpaka sauti imekauka.

Lakini nusura tuaibike. Kazi yake ni kutambua kikombe kwa kamera na kumletea mtu. Mbele ya majaji ikasimama tu, kama mtu aliyesusa. Wenzangu wakanigeukia: "Nahodha, vipi tena?" Ndipo nikakumbuka. Picha zote za kuifundishia tulizipiga vikombe vikiwa juu ya lile sweta la bluu ulilonifumia, maana meza yetu inang'aa mno. Nikalivua, nikalitandika chini ya kikombe. Ikakinyakua papo hapo! Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Tukaomba muda, tukapiga picha mpya kwenye meza tupu, tukaifundisha upya, na safari hii haikukosa hata kikombe kimoja.

Mjomba anayekusomea barua hii ameniambia unavunja vikombe na kumsingizia paka. Bibi, paka alikufa mwaka jana.

Likizo nakuja na roboti. Wewe nyoosha mkono tu, macho nakuletea.

Mumeo mtarajiwa,
Nahodha