Mizizi ya Mdaa na Fulana za Jumapili

Jumamosi, katikati ya Machi. Wingu limekaa mlimani tangu alfajiri na halina dalili ya kuondoka.

Nipo dukani kwa Kaka Hamadi, Msamvu, nyuma ya stendi. Yeye ametoka kwenda kula. Ameniachia mashine inachora, nami nimekaa kwenye kompyuta ya pembeni naandika. Sauti ya mashine ni kama mtu anasugua sufuria bila haraka. Krii, krii, inasimama. Krii. Kila ikisimama nageuka nyuma. Sijui naogopa nini.

Hapana. Najua.

Wachache mnaonisoma humu mtandaoni mnajua kuwa mimi si mtu wa kuongea. Darasani nikiulizwa swali ninalolijua, naangalia dawati mpaka mwalimu achoke aulize mwingine. Nikiandika ndiyo napata mdomo. Basi leo naomba mdomo huo unisaidie kusema jambo moja ambalo tangu asubuhi nimeshindwa kulisema mbele ya watu watatu.

Nianze na mashine. Kaka Hamadi ni mtoto wa baba yangu mkubwa, fundi wa printa na fotokopi. Mwaka jana alizichambua printa zilizokufa, akatoa reli, mota na mikanda, akaunganisha mashine ya kuchora. Inashika kalamu na kuitembeza juu ya kitambaa, ikifuata mstari niliouchora mimi kwenye kompyuta. Kalamu yenyewe ni bomba la sindano la duka la dawa, mbele tumeweka ncha ya kalamu nene ya makapeni iliyokauka. Tunatandaza fulana nyeupe za mitumba, zile zinazobaki chini ya robota kwa sababu zina doa. Mchoro unapita juu ya doa, fulana inapata maisha mengine. Mlima, mpira, jina la timu yetu ya mji. Timu inavaa nyeusi na nyeupe, kwa hiyo rangi tunayohitaji ni moja tu.

Zamani mashabiki walikuwa wanavaa zile za stika ya plastiki iliyogandishwa kwa pasi. Ukifua mara tatu jina la timu linabaki nusu. Nusu nyingine unaikuta kwenye mtaro, na baada ya mvua iko mtoni. Niliandika habari hiyo kwa ajili ya maonyesho ya shule, ukurasa mzima kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza mimi ni jasiri sana. Nilieleza mazingira, taka, vizazi vijavyo, na mwalimu akanisomea mbele ya darasa. Kwa Kiswahili nisingethubutu, maana kwa Kiswahili ningesikia ninachosema.

Wino ulitusumbua. Ule wa dukani ni kemikali tupu, na mimi ndiye niliyejidai kusema tunatengeneza kitu kisichochafua. Ndipo nikamkumbuka Bibi, mama yake mama, anayeishi mlimani juu ya Bigwa. Babu alifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka kilipouzwa na kufungwa, marobota ya mitumba yakajaa mjini, yeye akarudi kulima maharage. Alijua rangi za kiwandani, lakini Bibi hakuzitaka hata kuzinusa. Ukindu wa mikeka yake anautia weusi kwa mizizi ya mdaa. Anaichemsha kutwa. Tulichemsha na sisi, tukachuja kwa kanga, tukachanganya na maji ya misumari yenye kutu. Wino uliziba bomba wiki tatu nzima. Siku ulipopita, mstari mweusi ukatoka bila kukatika kutoka kilele cha mlima hadi chini, Kaka Hamadi alipiga kelele mpaka wapiga debe wakaja kuchungulia.

Sijawahi kufurahi vile. Naomba hilo nalo liandikwe.

Bibi akihitaji mdaa anachimba upande mmoja wa kichaka, anakata mzizi mmoja, anafukia, anakanyaga kwa miguu, halafu kichaka hicho hakiguswi mpaka mwaka mwingine. Mzizi mmoja unatosha mikeka miwili.

Sisi tulitaka magunia.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Kwetu Uluguru ardhi inapita upande wa mama. Mama alipofariki nikiwa darasa la tano, sehemu yake ikawa yangu, ingawa naishi na Baba huku chini Bigwa. Sehemu yenyewe ni ule mteremko mkali nyuma ya nyumba ya Bibi, umejaa mdaa tangu juu hadi chini. Mjomba Shomari anausimamia, ila hana ruhusa ya kuamua peke yake. Januari aliniita. Nilikuta watu kama kumi na tano uani, majirani, na Kaka Hamadi amesimama pembeni. Nikapewa kigoda katikati.

"Haya mwenye ardhi," Mjomba akasema, "watu wanataka kuchimba mdaa kwako, wamesikia mjini unatakiwa. Unasemaje?"

Macho yote kwangu. Nilikuwa na maswali. Wachimbe kiasi gani? Wachimbe wapi? Nani atafukia? Yalikuja yote kwa pamoja, nikashindwa lipi litangulie.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Keshakubali!" mtu akasema, na watu wakaanza kuinuka hata sijameza mate.

Leo asubuhi nilipanda kufuata gunia la mwisho. Nilibisha, nikasikia Bibi anahangaika na mlango kwa ndani. Anavuta, anaguna, anavuta. Ulipofunguka karibu aniangukie.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mke mwenzangu. Mlango umenenepa huu, unashindana na mimi. Yule fundi wenu wa Bigwa aliniuzia mbao mbichi."

Nikacheka. Lakini mlango ule ni wa zamani kuliko mimi, na haujawahi kukwama hata masika. Niliangalia fremu. Juu kulia imeachana na ukuta, kidole changu kinapita. Chini kushoto imebanana.

Nikaenda nyuma.

Sikuwa nimefika huko tangu Januari. Nilitegemea kukuta vichaka vimepungua, lakini nilikuta mashimo. Yako wazi, kila hatua mbili shimo, hakuna hata moja lililofukiwa. Vichaka vimelazwa juu ya majani mabichi, vimeng'olewa na mizizi yote. Mvua ndogo za juzi zimejaa kwenye mashimo na maji yake ni ya rangi ya chai. Migomba mitatu iliyokuwa imesimama wima sasa inaegemea upande wa nyumba, na mashina yake hayajakatika. Imesogea pamoja na udongo wake.

Hatua kama ishirini juu ya jiko la Bibi kuna ufa. Unaanzia kwenye jiwe kubwa, unapita katikati ya mashimo, unaishia sikuona wapi. Nilichuchumaa nikaingiza mkono. Uliingia mpaka kwenye kiwiko na sikugusa chini. Ndani kulikuwa na baridi.

Halafu nikafanya nini?

Nikabeba gunia langu nikashuka.

Nilimuaga Bibi, sikumwambia. Nikampita Mjomba njiani, nikamwamkia, sikumwambia. Nikafika dukani, Kaka Hamadi akaniuliza, "Vipi dogo, mzigo umetosha?" nikasema umetosha. Mechi ni kesho Jumapili. Tawi la mashabiki linasubiri fulana, na yeye amewaahidi kwa jina lake. Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa ndiyo maana nimekaa hapa. Nilitaka kuona mlima wangu kwenye migongo ya watu uwanja mzima. Watu wasioujua uso wangu wangevaa mstari wangu. Nililitaka hilo kiasi cha kutoa mkono kwenye ufa na kuufuta kwenye sketi kana kwamba nimeshika tope tu.

Tangu nianze kuandika mashine imemaliza fulana nne. Matone ya kwanza yameanza kupiga bati.

*

Bado Jumamosi. Saa kumi na moja kasoro.

Kaka Hamadi alirudi amejifunika mfuko kichwani. Nilimwambia kuna ufa.

"Acha hizo. Mlima ule ulikuwepo kabla babu yako hajazaliwa, utavunjwa na vijizizi?"

Sikuweza kubishana naye. Nikageuza kompyuta asome yote haya niliyoandika. Alisoma amesimama. Akarudia mwisho wake. Halafu akainama akachomoa waya wa mashine ukutani, kalamu ikasimama katikati ya jina la timu na wino ukaanza kutengeneza duara jeusi kwenye fulana. Hakuuangalia.

"Mpigie mjomba wako."

"Piga wewe."

"Mimi wa upande wa baba, dogo. Ukoo ule nitasema nini? Watanicheka mpaka Kingolwira wasikie. Neno ni lako."

Akapiga, akanibandika simu sikioni.

"Sema kwa nguvu," Mjomba alisema, "niko jikoni kwa Bibi yako na mvua inatupiga huku."

"Sitaki."

"Hutaki nini?"

"Sitaki wachimbe. Waache kuanzia sasa. Na Bibi atoke kwenye hiyo nyumba, umpeleke kwako. Leo, Mjomba. Sasa hivi."

Nilisikia sauti yangu dukani kama ya mtu mwingine. Mteja mlangoni aligeuka.

"Mbona Januari ulikubali?"

"Sikusema kitu Januari. Niliitikia kwa kichwa tu."

Halafu akasema taratibu, "Mvua hii nani achimbe, wote wako majumbani. Lakini mama yangu unamjua. Ongea naye."

Bibi alikuja na vicheko vyake. "Nitoke niende wapi mke mwenzangu, na ukindu wangu nimeutandaza ndani chumba kizima? Anipeleke kwa mkewe nikaambiwe nakoroma? Kama mna shida na mimi, uje unitoe mwenyewe. Na uje na mkate."

Nilimwambia habari ya ufa. Nilimwambia mkono wangu uliishia wapi. Nilimwambia mlango hauna kosa, wala fundi.

Hakucheka tena. Akaongea na mtu wa pembeni, si mimi.

"We Shomari. Nani anaburuta magunia huko nyuma?"

Simu ikakatika.

Tumepiga tena mara sita. Haipatikani. Kaka Hamadi anasema ni mvua, mnara wa kule ukilowa huwa hivyo, na kweli huwa hivyo. Sasa yuko stendi anatafuta pikipiki itakayokubali kupanda, nimeona madereva wawili wameangalia juu wakatikisa vichwa. Naandika kwa sababu nikiiacha mikono bure itarudi kushika simu.

Najiuliza kitu kimoja tu. Ningesema saa tatu asubuhi, nikiwa nimesimama pale pale uani, mvua haijaanza, Bibi angekuwa ameshafika kwa Mjomba na ukindu wake wote?

Wa tatu amekubali. Kaka Hamadi ananipungia mkono.

Siku nyingine ukikaa mlangoni hapa unauona mlima mzima, mpaka njia nyekundu ya kwenda kwa Bibi. Sasa hivi sioni hata nguzo ya pili ya umeme. Natoka hivyo hivyo.