Kigingi cha Mutwiri na Kirimi

Kianjai, Jumanne usiku

Eti nimehongwa. Mimi, niliyeshinda juani nikiwapimia Mutwiri na mdogo wake Kirimi shamba la marehemu baba yao.

Asubuhi mashine ya GPS ilinipa kona ya mpaka vizuri, nikapiga kigingi. Jioni nikarudi kuhakikisha, ikasema kona iko ndani ya kahawa ya Mutwiri. Nikapima tena, ikahama tena. Nikapigia ofisi simu, wakaniambia kuna dhoruba ya jua.

Nikawaeleza ndugu hao. Dhoruba hiyo inavuruga tabaka la juu kabisa la hewa, ambamo mawimbi ya setilaiti hupita. Huku karibu na ikweta tabaka hilo huchafuka jioni hata siku za kawaida, sembuse leo. Tungoje litulie, nipime upya.

"Kwa hivyo Kirimi amehonga mpaka jua?" Mutwiri akauliza.

Kirimi naye akasema kipimo cha jioni ndicho cha kweli, eti mimi nataka kukibadilisha kwa sababu kaka yake amenipa kitu.

Kinachonichoma ni ule ua wa miti aliopanda baba yao mpakani. Jana, kabla sijafika, waliung'oa na mizizi yake, wakauchoma, kwa sababu mashine haikosei. Nani aliwaambia? Wangeniuliza tu...

Sasa hata nikipima sawasawa, sina shina moja la kuwaonyesha.

Tangu wamzike mzee, ukiacha kuung'oa ua huo, hawajakubaliana jambo lolote. Leo wamekubaliana moja: mimi ni mwizi.