Matawi ya Ua wa Zihindula

Alhamisi, 5 Agosti 2010. Rubondo, kambi ya wakimbizi.
Maji, madumu mawili. Maharage yamepetwa. Shati jeupe limepigwa pasi. Kesho Bunagana, mpakani. Ni siku ya soko, na kaka yangu Mugisho atavuka kutoka Kongo kwa kibali cha siku moja. Ana miaka themanini na kifua kibovu. Hatujaonana miaka kumi na minne. Rafiki yangu Zihindula atanipeleka kwa gari la kanisa. Nilipotoka kisimani alikuwa akipogoa ua wake wenye maua ya njano. Hakunitazama.

Ijumaa, 6 Agosti.
Gari lilizimika saa tano asubuhi, mlimani, kilomita ishirini kabla ya mpaka. Zihindula alifungua boneti, akainama muda mrefu. Kisha akatoa matawi nyuma ya gari, akayapanga barabarani kuonya wanaokuja. Malori yalipita. Mawili yalisimama, madereva wakaniita nipande.
"Mwalimu, utaniacha peke yangu na gari ya kanisa?"
Nikabaki. Sijawahi kumwacha popote. Wake zetu tuliwazika bega kwa bega.

Saa kumi na moja jioni alisimama askari wa kambi ya jeshi ya Mbarara, na mke wake. Alirudisha waya mmoja tu. Gari likawaka. Akaokota tawi, akacheka. "Wazee, hata majani mumetoka nayo nyumbani? Mulijua gari itakufa?" Mkewe naye akacheka.
Nikalitazama lile tawi. Maua ya njano, yamenyauka. Pale mlimani kuna mikaratusi tu.
Tulikuta kizuizi cha mpaka kimefungwa. Mugisho hayupo.

Jumamosi, 7 Agosti.
Tumerudi Rubondo. Nina hasira. Nina aibu pia, kana kwamba waya niliuchomoa mimi.

Jumapili, 8 Agosti.
Sikwenda ibada. Alikuja yeye, akasimama mlangoni.
"Ungemuona, ungeenda naye. Miye ningebakia na nani huku?"
Hakuomba msamaha. Sikumpa kiti.
Nisingekwenda. Au ningekwenda. Hakuniachia nafasi ya kujua.

Jumanne, 24 Agosti. Nyamitanga, Mbarara.
Nimemkuta Mama Furaha, mchuuzi wa vitenge, aliyeniletea ujumbe wa kwanza wa Mugisho. Anasema Mugisho alikaa karibu na kizuizi kutwa, juu ya jiwe. Hakula. Walipofunga aliinuka na kusema, "Kama hakutaka kuniona, angesema tu."
Niliandika barua pale pale, juu ya goti. Waya, matawi, yote. Mama Furaha aliifunga ndani ya kitenge.
"Nikimukuta, Mwalimu, nitamupatia."
Nikimukuta. Neno hilo nimerudi nalo Rubondo.

Jumatatu, 6 Septemba.
Mvua ya kwanza. Nimepanda mistari miwili ya maharage. Barua haijajibiwa. Ua wa Zihindula umechipua pale alipokata. Kutoka kisimani nilipita njia ya shuleni, isiyopita kwake, iliyo ndefu zaidi. Dumu lilikuwa zito. Nilipumzika mara mbili.