Roma, kitanda kimoja na Mama Solange

Berea, Durban

Mama yangu mpendwa,

Sauti iliyonifuata kutoka Roma si ya kengele za makanisa, ingawa kengele ziko nyingi kule. Ni ya kandambili za Mama Solange, mama yake Amani, kwenye sakafu ya vigae, alfajiri, akienda na kurudi huku akisali kwa sauti. Hata leo nimeamka nikidhani naisikia.

Goti lako linaendeleaje? Na mvua za Uvira, zimetulia? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na nina furaha. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza nijue la kukuambia kuhusu mimi na Amani. Najua baba wadogo wanasubiri kusikia kama wajiandae kuupokea ujumbe wa mahari.

Safari ilikuwa zawadi ya Solange, dada mkubwa wa Amani, ambaye ni muuguzi Roma. Aliwaita wazazi wake wakapumzike, na mimi na Amani tukaambiwa tuwasindikize. Hapa Julai ni baridi, na watu wote wa Albert Park, mtaa wa kina Amani, wanajua kwamba Ulaya ni baridi zaidi. Basi Mama Solange akatujazia masanduku makoti mazito. Tulishukia kwenye jua la kuunguza! Baba Solange alilivaa la kwake mpaka tulikofikia, maana sanduku lilikuwa limegoma kufungika, na watu wakampisha njia kama askofu.

Solange anaishi chumba kimoja, kwa hiyo tulipanga viwili kwenye nyumba ya wageni. Kwa kuwa hatujaoana, Amani alilala na baba yake, mimi na mama mkwe wangu mtarajiwa. Kitanda kimoja, Mama.

Unanijua nilivyo. Mchana nilifurahi kweli. Kuna makanisa ambayo dari zake nilizitazama hadi shingo ikauma. Mama Solange alizungumza na kila kitu, hata sanamu: "Na huyu mwanaume hana nguo, mama yake iko wapi?" Nilicheka hadi machozi. Lakini ikifika jioni nilikuwa nimejaa watu hadi kooni, na yeye chumbani ndiyo kwanza anaanza. Nikawa nageukia dirishani.

Siku moja joto liliturudisha mapema. Mama Solange alikuwa ametumbukiza miguu kwenye beseni la maji, akaniuliza ghafla:

"Weye Riziki, unanichukiaka?"

"Hapana, Mama!"

"Sasa juu ya nini unanyamazaka vile? Mi naongea, weye unaangalia dirisha. Heri niongee na ukuta, ukuta haukusomaka iniversite."

Nikamweleza kwamba si yeye, kwamba nikikaa na watu kutwa nzima kichwa kinanichoka, na kwamba hata wewe ulikuwa unaniacha nyuma ya nyumba mpaka nirudi mwenyewe.

"Kumbe ni ugonjwa," akasema. "Iko na dawa?"

"Niwe na chumba changu, Mama. Ndiyo maana naogopa kuja kukaa kwenu."

Lilinitoka tu. Unajua kwao kitindamimba na mkewe hukaa na wazazi, na chumba chetu pale Albert Park kimeshapakwa rangi. Aliinamia beseni, akaitazama miguu yake ndani ya maji.

"Mi nilikaa na mama ya Baba Solange mpaka akafa," akasema. "Hakuna siku nilifunga mlango. Hata siku moja."

Nilidhani ananigombeza. Akapangusa miguu, akagonga chumba cha pili, akamtoa Amani usingizini: "Toka, uende kutembea, nataka kulala na mzee wangu!" Akanigeukia. "Weye kaa na kichwa yako." Tangu hapo kila mchana aliniachia chumba. Nilisoma, nililala, na jioni nikawa namuuliza mimi habari za ujana wake.

Tuliporudi Durban tukakubaliana tupange kwetu, lakini Amani, aliyetakiwa kumwambia mama yake, akawa kila siku ananijibu, "Eish, Riziki, ngoja kwanza, nitamwambia." Nikaona atangoja mpaka siku ya harusi.

Msalimie shangazi Feza, fundi wangu, umwambie gauni lake limepigwa picha mbele ya kila jengo la Roma. Msalimie pia bibi, na mdogo wangu Baraka anayejiandaa na mitihani.

Na uwaambie baba wadogo wajiandae. Tumechukua flati ndogo hapa hapa Berea, ya kuhamia baada ya harusi. Amani alitia saini jasho likimtoka. Jumamosi nilikwenda Albert Park peke yangu, nikamwambia Mama Solange uso kwa uso, nikamkabidhi ufunguo wa pili. Aliugeuzageuza mkononi, akauliza kama anaweza kuja wakati wowote. Nikamwambia ndiyo, ila agonge kwanza.

Binti yako,
Riziki